Uzi: Viota vya nyigu karibu na mizinga, tuviache au tuviteketeze?

Mrina wa Itigi

Ndugu wadau wa ufugaji nyuki, naomba mnisaidie kuamua jambo ambalo mimi na mwenzangu tumelibishania wiki nzima bila kuelewana. Tuna kibanda cha nyuki upande wa Itigi, chenye mizinga ishirini na minne ya viunzi vya juu (fito ambazo nyuki huning'inizia masega), nusu ikiwa imepangwa ndani na nusu imetundikwa kwenye miti ya jirani. Chini ya mabati ya kibanda hicho nyigu wamejenga viota vitano. Ni wale nyigu wembamba wa rangi ya kahawia iliyokolea, wenye kiuno kama uzi na miguu inayoning'inia wanaporuka. Kiota chao hakina ganda la nje. Ni vyumba vitupu vilivyoinamia chini, vinavyoshikiliwa na kikonyo kimoja chembamba.

Mwenzangu anataka tuviteketeze usiku kwa kitambaa kilicholowekwa mafuta ya taa na kufungwa kwenye ncha ya mti mrefu. Hoja yake ni kwamba mzinga namba saba ulikuwa umejaa nyuki mwezi wa Juni, na sasa, Septemba, umebaki na nyuki wa kufunika masega matatu tu. Tena mara mbili amemwona nyigu akiondoka karibu na mlango wa mzinga huo akiwa amebeba kitu. Mimi nasita. Mwaka jana jirani yetu alipuliza dawa ya kuulia mende kwenye kiota cha nyigu kilichokuwa hatua nne kutoka kwenye mzinga wake, na kesho yake asubuhi alizoa nyuki waliokufa kwa ufagio.

Je, nyigu wa namna hii ni adui wa nyuki kweli, au tunamhukumu kwa sura yake?

Babu Mzinga

Mwanangu, mimi nimerina asali katika misitu ya Sikonge tangu enzi za mizinga ya magome, kabla sijawahi kuuona huo wa viunzi. Maadui wa nyuki ninaowajua ni siafu, nyegere, moto wa kiangazi na binadamu mwenye kukata mti wenye mzinga. Sikumbuki hata kundi moja lililonitoroka kwa sababu ya nyigu wa kwenye paa. Nilichowahi kukiondoa ni kiota kilichojengwa mahali tunapopita na ndoo za asali, kwa kuwa mtu akiumwa usoni akiwa juu ya ngazi huiachia ndoo, na asali haizoleki mchangani.

Hata hivyo hukutuambia jambo moja. Huyo nyigu alikuwa amebeba nini? Mwenzako ameona mzigo bila kuutambua, na hukumu imeshatoka.

Mama Watatu

Mimi nasema vichomwe. Nina watoto wanaocheza karibu na mizinga, na binti yangu wa miaka sita aliumwa na nyigu mara tatu na mdudu huyohuyo mmoja, maana nyigu haachi mwiba wake mwilini kama nyuki. Wenye vibanda porini wanaweza kujadiliana juu ya faida za nyigu. Sisi tunaofugia nyumbani hatuna nafasi hiyo.

Afisa Mstaafu

Ndugu Mrina, shukrani kwa kueleza umbo la kiota, kwa sababu maelezo hayo ndiyo yatakayotupa jibu. Nilifanya kazi ya ugani wa nyuki kwa miaka mingi, na kosa nililolikuta mara nyingi ni kuliweka kila jambo chini ya jina moja la "nyigu", ilhali wadudu wanaoitwa hivyo wanaishi maisha yanayotofautiana sana.

Hao uliowaeleza wana sifa zote za jenasi ya Belonogaster, nyigu wa karatasi. Hutafuna nyuzi za mti mkavu, huzichanganya na mate na kupata kitu kama karatasi ambacho wanajengea vyumba. Mkubwa wao hunywa mbochi, yaani utamu wa maua, na maji matamu, lakini funza wao hula nyama, na nyama hiyo kwa sehemu kubwa ni viwavi. Nyigu humkamata kiwavi kwenye jani, humtafuna mpaka awe donge, kisha hulipeleka kiotani na kuwagawia funza. Hawezi kuwa na haja ya kupigana na walinzi wa mzinga wa nyuki wetu wa Kiafrika, ambao mnajua wenyewe jinsi wanavyopokea wageni, wakati viwavi wapo shambani hawana mlinzi. Anayeweza kumwokota ni nyuki mfu, au nyuki mgonjwa anayetambaa chini, au jana, yaani mtoto wa nyuki, lililotupwa nje na nyuki wenyewe.

Wa pili ni dondora, yule anayejenga kwa udongo pembeni mwa dari na kwenye kuta. Huyu haishi katika kundi. Jike hujenga peke yake, na jamii moja yao hujaza kila chumba buibui waliodungwa wakapooza, kisha hutaga yai na kuziba. Ukibomoa kijumba cha zamani utakuta maganda ya buibui yamerundikana kama makapi. Kwa mfugaji wa nyuki dondora hana kosa lolote, isipokuwa pale anapoziba tundu la mzinga mtupu kwa tope.

Wa tatu ndiye mwenye kesi ya kujibu. Kuna nyigu wachimbaji wanaowinda nyuki wa asali hasa. Maarufu kati yao ni Philanthus triangulum, anayepatikana Ulaya na sehemu nyingi za Afrika, na kusini mwa bara letu yuko pia Palarus latifrons. Hawa hawana kiota cha kuning'inia. Huchimba mashimo kwenye mchanga unaopigwa na jua, humkamata nyuki kibarua, humdunga akapooza bila kufa, na wa jenasi ya Philanthus humkamua tumboni mpaka atoe mbochi aliyoibeba na kuinywa palepale. Kisha humburuta shimoni kuwa chakula cha funza wake. Ajabu ya mambo ni kwamba watu huchoma viota vya juu ya vichwa vyao na kumkanyaga mwindaji mwenyewe bila kumwona.

Mwanakitui

Ndugu Afisa, hapo umenigusa. Niko Kitui, na kwetu udongo ni wa mchanga. Kwa miaka miwili nilikuwa nafyeka manzuki yangu, yaani eneo la mizinga, mpaka ardhi ikawa uchi kabisa, kwa kuwa tulifundishwa kwamba usafi huzuia siafu na moto. Mwaka jana, msimu wa kiangazi, niligundua vichuguu vidogo vya mchanga, kila kimoja kikiwa na tundu la ukubwa wa kalamu, vikiwa vimesambaa mbele ya mizinga kama mtu aliyechokoachokoa ardhi kwa kijiti. Nilikaa kitako nikatazama. Nyigu mwenye tumbo la manjano alishuka akiwa amemkumbatia nyuki kifuani, miguu ya nyuki ikitazama juu, akaingia naye shimoni kwa mwendo wa mtu anayejua mlango wa nyumba yake.

Mizinga miwili iliyokuwa karibu ilipunguza kazi mchana. Nyuki walisimama mlangoni bila kuruka, wakatoka kwa wingi jioni tu. Je, ilikuwa sahihi kumwaga maji ya moto kwenye mashimo? Nilifanya hivyo, na siku kumi baadaye mashimo yalirudi.

Afisa Mstaafu

Maji ya moto huua aliyemo ndani wakati ule, lakini ardhi uchi yenye jua bado inawaita wengine. Ulichokitengeneza bila kukusudia ni kiwanja kizuri kuliko vyote kwa mchimbaji. Fyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka manzuki, upake grisi kwenye waya za kutundikia kwa ajili ya siafu, lakini mbele ya mizinga acha majani mafupi yashike udongo au tandaza nyasi kavu, na ikiwezekana isogeze mizinga kwenye kivuli. Mchimbaji hapendi ardhi iliyofunikwa.

Ukitaka kujua shimo lipi lina mwenyewe, nenda asubuhi jua likishapasha mchanga. Nyigu akitoka hawezi kuondoka moja kwa moja. Huzunguka juu ya shimo akiyasoma mazingira. Mtafiti wa tabia za wanyama, Niko Tinbergen, alilionyesha jambo hili kwa nyigu huyohuyo kule Uholanzi, katika utafiti alioutoa mwaka 1932. Alipanga makoko ya msonobari kuzunguka shimo, akangoja nyigu azoee, kisha akayahamishia pembeni. Nyigu aliporudi na mzigo wake alitua katikati ya makoko, akalitafuta shimo ambalo halikuwapo. Nasema haya kwa sababu nimeona mtu akipoteza siku nzima kuziba mashimo yaliyohamwa zamani.

Bint Nizwa

Assalaam alaikum. Shikamoo Babu Mzinga. Naomba ruhusa nipinge upole wenu, angalau kwa huku niliko. Nimezaliwa Tanga, nimeolewa Oman, na familia ya mume wangu inafuga nyuki karibu na Nizwa, wakifuata maua ya mgunga na ya mkunazi. Huku kuna mdudu ambaye sisi tuliokulia Kiswahili cha pwani tungemwita mavu, na wenyeji humwita dabur: mkubwa, mwekundu wa kahawia, mwenye uso wa manjano na mkanda mpana wa manjano tumboni. Jina lake la kisayansi ni Vespa orientalis.

Huyu haokoti maiti. Husimama hewani mbele ya mlango wa mzinga, humdaka nyuki anayerudi na mzigo, huenda naye kwenye tawi la karibu, humkata kichwa, mabawa na tumbo, na huondoka na kifua peke yake kwa sababu ndicho chenye nyama. Chini ya mkunazi wetu Oktoba iliyopita niliokota mabawa ya nyuki yakaenea kiganjani kama makapi ya mpunga. Kundi likidhoofika, mavu huingia ndani, na wakishaingia ndani hakuna tena majadiliano: majana, asali na malkia vyote ni vyao. Nyuki wetu wa Kiarabu ni mdogo wa umbo, na wingi wa mavu huangukia miezi ileile ya mwisho wa joto na mwanzo wa maua ya mkunazi, yaani kabla tu ya asali yenye bei kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo sisi hatuvumilii. Watoto hupewa vibao vya kuwapigia mbele ya mizinga, milango hupunguzwa urefu isizidi milimita 6 ili nyuki apite na mavu akwame, na mitego hutegwa kwa vipande vya samaki, kwa sababu nyuki hafuati samaki na mavu humfuata. Kiota kikionekana kwenye ukuta wa zamani wa udongo au kwenye kingo za mfereji huuawa usiku, wote wakiwa ndani, na mwenye kazi hiyo hutumia taa nyekundu ambayo wadudu hao hawaioni vizuri. Mama mkwe wangu husema kwamba malkia mmoja akiuawa mwanzoni mwa mwaka, kabla hajapata vibarua, ni kiota kizima kimekufa.

Afisa Mstaafu

Bi Nizwa, sikupingi. Kwa mavu wa aina hiyo nami ningechukua kibao. Tofauti ni kwamba mavu wa jenasi ya Vespa hawapo katika misitu yetu ya Tanzania, na kiota cha nyigu wa karatasi chenye wakazi wachache hakiwezi kulinganishwa na mji wa chini ya ardhi wenye mamia ya wapiganaji.

Nina shaka ndogo tu juu ya hesabu ya mama mkwe, kwa heshima zote. Malkia wa mavu huanza peke yao kila msimu, na wengi hufa wenyewe kwa njaa, kwa hali ya hewa au kwa kunyang'anyana viota. Ukimwua mmoja, mara nyingi umempunguzia kazi mwenzake aliyekuwa anakitaka kiota kilekile. Ufaransa wanabishana juu ya jambo hili hadi leo. Mavu wa Asia, Vespa velutina, alionekana kule mwaka 2004 katika jimbo la Lot-et-Garonne, akitokea China. Mwaka 2010 akawa Hispania, mwaka 2016 akathibitishwa Uingereza. Viota vingi mno vimeharibiwa na bado mdudu ameenea. Lakini pale ni mgeni ambaye nyuki wa Ulaya hawakuzaliwa wakimjua, kwa hiyo hata mimi siwezi kuwaambia wamvumilie. Nyuki wa Japani, waliokaa na mavu mkubwa tangu kale, humzingira kwa mamia wakatetemesha misuli mpaka joto la ndani ya bonge lifike nyuzi 46 hivi, naye hufa kwa joto ambalo wao wanalistahimili.

Mkulima wa Mtama

Naomba niingie kwa ufupi upande wa shamba. Afisa anasema nyigu wa Mrina wanalisha funza wao viwavi. Tangu viwavijeshi vamizi vifike nchini mwaka 2017, nimekuwa nikinunua dawa kila msimu, na wafugaji nyuki wa jirani wananilaumu kwamba dawa yangu inaua nyuki wao, lawama ambayo nakiri ina ukweli. Sisemi nyigu watanimalizia viwavi, maana wadudu hao ni wengi kuliko midomo ya nyigu. Ila kila siku ninayochelewa kupuliza ni siku ya nafuu kwa nyuki wenu, na mfugaji anayeua nyigu wote ananisogezea siku ya kushika bomba.

Mrina wa Itigi

Ndugu zangu, nimerudi na taarifa. Nilimwomba mwenzangu asubiri, tukachukua vigoda na daftari, tukakaa asubuhi mbili kuanzia saa tatu hadi saa tano, yeye akitazama viota na mimi nikitazama mlango wa mzinga namba saba.

Tulifanikiwa kuona vizuri mizigo ya nyigu kumi na tisa waliorudi kiotani. Kumi na wanne walikuwa na donge la kijani lililotafunwa, kubwa kidogo kuliko punje ya mtama. Wawili walikuwa na nyuzi za mti. Mmoja alibeba kitu cheusi ambacho hatukukitambua. Waliobaki wawili walibeba kitu cheupe, na hao ndio walionipa kazi, kwa kuwa wote walitokea chini ya mzinga namba saba. Nilipoinama kutazama ardhini nikakuta majana yaliyokufa, meupe, mengine yameshaanza kuwa na macho, yakiwa yametupwa nje na nyuki wenyewe. Nyigu alikuwa anafagia uani, Babu. Huo ndio mzigo ambao mwenzangu aliuona.

Jioni tukawasha bomba la moshi na kuufungua mzinga. Hapakuwa na malkia. Katika sega la katikati, chumba kimoja kilikuwa na mayai matatu, kingine manne, mengine yamebandikwa kwenye ukuta wa chumba badala ya kusimama katikati ya sakafu, na vifuniko vya majana vilikuwa vimetuna kama risasi, ishara ya madume yaliyolelewa katika vyumba vya vibarua. Pembeni mende wa mizinga walikimbia mwanga, na sega la mwisho lilikuwa na utando wa nondo wa nta. Malkia alipotea, nadhani, tulipokuwa tunalina mwezi wa Juni. Aliyelina mzinga huo ni mimi.

Babu Mzinga

Usijilaumu sana, mwanangu, ila usiupe mzinga huo malkia mpya. Vibarua wakishaanza kutaga hawakubali mama wa kambo. Wakung'ute nyuki hao kwenye nyasi, hatua kadhaa mbele ya mizinga yenye nguvu, saa ya jioni. Wenye tumbo lililojaa asali watapokewa, wengine watajitafutia. Masega yenye utando yayeyushe upate nta kabla nondo hawajahamia kwa majirani.

Mama Watatu

Nimesoma yote kwa makini na bado hamjanijibu kuhusu watoto. Kiota changu kiko juu ya mlango wa jikoni, si porini.

Afisa Mstaafu

Una haki, mama, tumekupita. Kiota kilicho juu ya mlango wanaopita watoto kiondolewe. Hapo hatuzungumzii tena nyuki. Lakini kisichomwe. Kiangazi hiki moto wa mafuta ya taa chini ya paa ni hatari kuliko nyigu, moshi wake huacha harufu ambayo asali na nta huinyonya upesi, na nyuki wetu wakishtuliwa usiku hawaulizi nani aliyeanza. Dawa ya kupuliza nayo isitumike karibu na mzinga. Nyingi kati ya hizo zina viuatilifu vya jamii ya pareto ya kutengenezwa, ambavyo huua nyuki kwa kiasi kidogo sana, na Tanzania inaruhusiwa kuuza asali katika Umoja wa Ulaya kwa sharti la kupima mabaki ya dawa. Vaa mavazi ya kinga, ngoja giza liingie wakiwa wamepoa, kata kikonyo kwa mti mrefu kiota kiangukie ndani ya ndoo ya maji yenye sabuni, kisha ufunike. Watoto wawe ndani, mlango umefungwa, na mtu anayejijua huvimba mwili mzima au kubanwa pumzi akiumwa asiikaribie kazi hii kabisa.

Mrina wa Itigi

Tumemaliza kazi jana. Mzinga namba saba umekung'utwa kama alivyoelekeza Babu, na mzinga mtupu umesafishwa, ukapakwa nta ndani na kurudishwa mahali pake. Kati ya viota vitano tumeondoa kimoja tu, kilichokuwa juu ya mlango wa kibanda, kwa ndoo ya sabuni. Mwenzangu ndiye aliyeshika mti, na aliumwa mara moja kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo glovu na shati havikukutana.

Leo asubuhi nyigu wawili walionusurika walikuwa wameshaanza upya kwenye boriti ileile, vyumba vinne vya rangi ya kijivu, bado vibichi. Nimevikwangua na kupaka boriti hiyo grisi tunayotumia kwenye waya za mizinga, nione kama kikonyo kitashika. Viota vinne vya ndani vipo kama vilivyokuwa.